Saini ya Mwanaanga na Suala la Mwandishi

Wapo watu, hasa Marekani na Uingereza, wanaokusanya vitabu vilivyoandikwa na wanaanga. Si kitabu chochote tu. Sharti kiwe cha chapa ya kwanza, kiwe bado na jalada lake la nje la karatasi, na ndani kiwe kimetiwa saini kwa wino na mwenyewe aliyekwenda huko juu. Wahakiki wenzangu watasema hiyo ni biashara ya wenye fedha, fasihi inaingiaje hapo? Mimi naona inaingia sana. Mkusanyaji anajibu kwa mfuko wake swali tunalobishania darasani kila siku: mwandishi wa kazi ni nani?

Tuchukue First on the Moon, kilichotoka mwaka 1970. Majina makubwa ni ya Neil Armstrong, Michael Collins na Edwin Aldrin, lakini kitabu chenyewe kinataja kwamba kimeandikwa pamoja na Gene Farmer na Dora Jane Hamblin. Sasa, nani anahangaika kuitafuta saini ya Hamblin? Mwaka 1973 Aldrin alitoa Return to Earth, akisaidiwa na Wayne Warga. Ni kitabu cha kijasiri, maana shujaa anaeleza ulevi na sonona iliyomkumba baada ya kurudi duniani. Hata hivyo, ile nafsi ya kwanza inayoungama humo imepita katika mikono ya watu wawili, na saini ni ya mmoja.

Collins ni habari nyingine. Carrying the Fire cha mwaka 1974 alikiandika mwenyewe, bila mwandishi wa kukodi. Huyu ndiye aliyebaki akiuzunguka mwezi peke yake wakati wenzake wawili wametua. Kifani sijaona kitabu cha safari za Apollo kinachokifikia: ana mzaha mkavu, anajua kueleza mtambo bila kumchosha msomaji, na hajifanyi mtakatifu. Armstrong, kwa upande wake, hakuandika tawasifu kabisa. Wasifu wake aliouidhinisha, First Man wa mwaka 2005, ni kazi ya James R. Hansen. Isitoshe, mwaka 1994 aliacha kutia watu saini baada ya kuona zinauzwa na nyingine zinaghushiwa. Basi saini yake ndiyo ghali kuliko za wote watatu! Soko linalipia mguu uliokanyaga mwezi, si mkono ulioandika sentensi.

Na mkono wenyewe una mashaka. Katika miaka ya 1960 barua zilipozidi, zilitumika mashine za kutia saini kwa niaba ya wanaanga. Wakusanyaji wamejifunza kuzitambua: saini mbili zikilingana kabisa, mstari kwa mstari, ujue ni mashine, kwani binadamu hajirudii hivyo. Huu, jamani, ni uhakiki wa matini, tena wa makini kuliko baadhi ya insha zetu.

Linalonishangaza zaidi ni suala la maneno ya zawadi. Nakala ambayo Armstrong ameandika jina la mpokeaji huthaminiwa chini ya ile yenye saini tupu, maana saini tupu humfaa mnunuzi yeyote. Yaani yale maneno machache yenye msemaji na msemewa, ambayo mhakiki angeyashika kwanza, ndiyo yanayopunguza bei. Linganisha na watunzi wetu wa tenzi, waliozoea kutaja jina lao, na pengine mwaka, katika beti za mwisho. Jina lile lilipaswa kutii vina na mizani kama neno lingine lolote. Huwezi kulikata ukaliuza peke yake.

Saini iliyotengwa na matini ilifika mwisho wake katika safari ya Apollo 15, mwaka 1971. David Scott, Alfred Worden na James Irwin walibeba bahasha zipatazo 400 bila idhini, nyingine wakazitia saini kwa ajili ya mfanyabiashara wa stempu. Ndani ya bahasha hamkuwa na barua. Mwaka 1972 walikaripiwa rasmi, na hakuna hata mmoja wao aliyeruka tena angani.

Worden, aliyebaki juu kama Collins, alichapisha mashairi mwaka 1974, Hello Earth: Greetings from Endeavour. Mashairi ya rubani, eti! Lakini ndiyo hayo ningependa tuyahakiki, kwa sababu hapo jina la mwanaanga halina msaada: ubeti ama unasimama ama unaanguka. Habari za zile bahasha alikuja kuzieleza kwa upande wake katika Falling to Earth, mwaka 2011. Nacho aliandika pamoja na mtu mwingine, Francis French.