Mhariri Anaposhika Timazi

Mnara wa saa wa Jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia katikati ya mji wa Iringa, umesimama wima tangu miaka ya 1930. Lakini simama barabarani chini yake, inua kamera hadi kilele kiingie, halafu itazame picha: mnara umelala nyuma na kuta zinakaribiana kadiri zinavyopanda. Mwashi alipima kwa timazi, jengo halina kosa. Kamera ikielekezwa juu, mistari iliyo wima huanza kukutana. Macho yetu nayo huona hivyo, ila akili husahihisha papo hapo. Kwenye picha, kazi hiyo ya akili anaifanya mhariri.

Wengi wetu tukisikia picha imehaririwa tunahisi tumedanganywa, maana tumezoea nyuso zilizopaushwa na mawingu ya kubandika. Mimi naiheshimu kazi hii kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Kwa nyumba ya ibada, mhariri mwenye ujuzi huirudishia picha ukweli uliopotea pale kamera ilipobofywa.

Ingia kanisani asubuhi ya Julai, tuseme huko Tosamaganga, misheni ya kilimani nje ya Iringa iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikalelewa na Wamisionari wa Consolata kutoka Italia. Nje jua ni kali, ndani ni kivuli. Ukipima mwanga wa dirisha, mabenchi yanazama gizani. Ukipima wa mabenchi, dirisha linaungua na kubaki weupe mtupu. Muumini aliyeketi pale anaviona vyote. Basi mpiga picha huifunga kamera kwenye stendi, akapiga picha kadhaa bila kuisogeza, kuanzia yenye giza hadi yenye mwanga mwingi, na mhariri akachukua katika kila moja kile ilichokiona vizuri.

Hapo ndipo ufundi unapojulikana. Asiyejua huiachia programu ifute vivuli vyote, na mbao za miaka mingi zikang'aa kama plastiki. Anayejua huacha giza lililo chini ya mimbari libaki, kwa kuwa ndivyo palivyo. Tazama ukuta mmoja tu wa chokaa: karibu na dirisha unaelekea buluu, chini ya taa ya tyubu unaelekea kijani, penye balbu ya zamani unageuka manjano. Mhariri hushika kila kipande peke yake, polepole, hadi ukuta urudi kuwa mweupe bila kupoteza joto la taa.

Ukienda upande wa Mbeya, adabu ya kazi hii inapimwa zaidi. Wamoraviani wakiongozwa na Theodor Meyer walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, chini ya mlima wenye kimo cha takriban mita 2,960, katika eneo linalopata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania. Programu za leo zina kitufe cha kuondoa ukungu. Lakini Rungwe bila ukungu ni Rungwe ipi? Kuvu kwenye msingi, kutu kwenye bati, ufa juu ya mlango, hivyo ni habari za jengo na havifutwi. Waya wa umeme unaokatiza mbele ya mnara unaweza kuondolewa kwenye kalenda ya usharika, wenyewe wakikubali. Kwenye picha ya kumbukumbu ubaki.

Picha zilizopigwa na wamisionari wa Rungwe na vituo jirani zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani, na nyingi sasa zinaonekana mtandaoni kupitia Chuo Kikuu cha Southern California. Ndani yake tunaona paa na madirisha kabla ya ukarabati wa vizazi vilivyofuata. Kama mtu angezipamba wakati ule, tusingekuwa na cha kuulizia leo.

Kwa hiyo nawasihi wazee wa kanisa, kamati za misikiti na viongozi wa jamatini: mnapochanga fedha za bati na rangi, tengeni fungu la mpiga picha na la mhariri. Waiteni kabla ya ukarabati na baada yake. Waelezeni saa za ibada, mahali pa kuvulia viatu na pasipokanyagwa, kwani asiyeijua nyumba hawezi kuihariri kwa haki. Kisha wadaini vyote viwili, picha zilizokamilika na faili ghafi, mvitunze pamoja na hati za kiwanja. Waashi wa nyumba hizi wengi hawakuandikwa popote. Kazi ya mikono yao inastahili kuonwa jinsi walivyoiacha, na anayeketi saa nyingi mbele ya kompyuta kuhakikisha hilo ni fundi mwenzao.