Kumtoa Ndege Wavuni

Ndege akinasa, hashikwi kwanza. Huangaliwa ameingia upande gani. Wavu wenyewe ni mweusi, nyuzi zake nyembamba kama unywele, urefu kiasi cha mita 12, na umelegezwa makusudi ili ndege atumbukie asidunde. Akishapapatika humo, nyuzi humzonga miguu na mabawa. Msaidizi mzoefu wa utafiti huanza na miguu, akaja bawa moja, akaja la pili, kichwa mwisho. Havuti. Akikwama, anarudi nyuma hatua moja, anaanza upya. Ndege hutulia mgongo kiganjani, shingo kati ya kidole cha shahada na cha kati.

Baada ya hapo ni kifuko cha kitambaa, pete ya chuma chepesi yenye namba, rula ya bawa, mizani. Halafu anapuliza manyoya ya tumboni. Ngozi ikiwa tupu na imevimba, huyo analalia mayai, na kiota hakiko mbali.

Ukiniuliza utafiti wa shahada ya udaktari katika ikolojia na tabia za ndege ni nini huku Usambara, nitakuonyesha hiyo mikono kabla ya kompyuta. Tangu 1987, mtafiti William Newmark na wasaidizi wake wenyeji wamekuwa wakitega nyavu upande wa Amani, Usambara Mashariki, na Ambangulu upande wa Magharibi, kwenye misitu mikubwa na kwenye vipande vilivyobaki katikati ya mashamba ya chai. Mwanafunzi ana muda wa miaka minne hivi wa utafiti, na miongoni mwa ndege wa chini ya msitu wamo wanaoishi zaidi ya miaka kumi. Peke yake hawezi kuyaona maisha yao yote. Akikuta pete zilizovalishwa kabla yake, anaweza.

Wapo waliopata digrii kwa kukaa tu. Norbert Cordeiro, Mtanzania, alikaa chini ya Leptonychia usambarensis, mti wa milima hii, akiandika ni ndege gani anakuja, anakula nini, anaondoka na mbegu au anaiangusha palepale. Mwaka 2003 yeye na mtafiti mwenzake Henry Howe walichapisha matokeo: kwenye vipande vidogo vya msitu ndege wasambazaji wa mbegu wamepungua au hawapo, na miche inayoota mbali na mti mama ni michache. Mti uko, tunda liko, wa kulibeba hayuko.

Kutafuta viota ndiko kugumu zaidi, nami ndiko ninakokuheshimu kuliko kote. Mtafutaji hasimami mbele ya kiota. Anakipita kama hajakiona, asiache njia ya kuwaelekeza wanyama wanaokula mayai, na yaliyomo huyatazama kwa kioo kidogo kilichofungwa kwenye kijiti. Kazi ya namna hiyo, mwaka baada ya mwaka, ndiyo iliyowezesha Newmark na mtafiti mwenzake Thomas Stanley kuonyesha mwaka 2011 kwamba viota huangamia zaidi msitu unapokatwa vipande. Takwimu zilifanyiwa hesabu nzito, sawa, lakini kila namba ilianza na mtu aliyeinama kwenye umande.

Wala macho hayo hayaanzi na digrii. Reginald Moreau, aliyefika Amani 1928 akitoka ofisi ya hesabu za jeshi huko Cairo, hakuwa na digrii yoyote ya sayansi. Aliyoyaandika kuhusu idadi ya mayai ya ndege wa Afrika yanasomwa mpaka leo.

Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine au cha Dar es Salaam, Lushoto, huko Usambara Magharibi, ina kazi ambayo haijaisha. Msitu wa Mazumbai uko chini ya chuo chenyewe cha Sokoine. Juu, Magamba, yupo Sheppardia montana, ndege mdogo wa sakafu ya msitu asiyepatikana popote duniani nje ya Usambara Magharibi. Utafiti uliolinganisha hesabu za karibu 1980 na za 2019 umeonyesha ndege wengi wa Usambara wakihamia juu kadiri joto linavyopanda. Sheppardia huyu tayari anaishi karibu na vilele. Anazaa watoto wangapi kwa msimu, na wangapi wanasalimika? Kulijibu hilo kunahitaji vibali vya tume ya sayansi, COSTECH, na vya taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, sweta nzito, na mtu wa Magamba anayejua kupita kiota bila kukitazama.