Ukimya wa Kabara Usomwapo Kutoka Kiwanja: Uhakiki wa The Year of the Gorilla

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa vitabu vilivyoandikwa juu ya milima ya Virunga, The Year of the Gorilla cha George Schaller kina nafasi ya pekee. Kilitolewa mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya taarifa yake ya kitaalamu, The Mountain Gorilla. Vyote viwili vinatokana na utafiti wa 1959 na 1960, ambapo mwandishi aliishi Kabara, uwanda mdogo wa majani ulioko kati ya milima ya Mikeno na Karisimbi, katika Kongo iliyokuwa inaelekea uhuru. Kitabu cha kwanza kinazungumza na wanasayansi. Cha pili kinazungumza na msomaji wa kawaida, na humo sayansi ya mazingira inaungana na taamuli, yaani hali ya mtu kutulia na kukikazia kitu fikra bila kutaka kukitawala.

Makala haya yanauchunguza muungano huo kwa kukisoma kitabu kutoka Kiwanja, mji ulio jirani na Rutshuru, kando ya barabara iendayo kaskazini kutoka Goma, karibu na mipaka ya hifadhi hiyohiyo. Hoja kuu ni kwamba taamuli ya Schaller ni mbinu halali ya sayansi, lakini duara lake ni dogo: linamwacha nje mtu aishiye mpakani.

2.0 Utulivu kama mbinu ya utafiti

Kabla ya Schaller, wageni wengi walimfahamu gorila wa milimani kwa njia ya bunduki. Hata Carl Akeley, Mmarekani ambaye juhudi zake zilichangia kuundwa kwa Hifadhi ya Albert mwaka 1925, alikuja kwanza mwaka 1921 kuwinda gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Alifariki mwaka 1926, akazikwa palepale Kabara.

Schaller aliugeuza utaratibu huo. Alikwenda bila bunduki, mara nyingi peke yake, akakaa mahali panapoonekana, akasogea polepole, akawaachia wanyama wenyewe waamue umbali. Subira hiyo ilizaa maarifa yanayopimika. Alihesabu malalo, akachunguza kinyesi na mimea iliyoliwa, akawatambua wanyama mmojammoja kwa sura zao, na akakadiria kwamba eneo la milima ya Virunga lilikuwa na gorila wapatao 450. Zaidi ya hayo, ile sura ya jitu katili iliyozoeleka katika simulizi za wawindaji iliporomoka. Mahali pake pakajitokeza mnyama mwenye haya, apigaye kifua kwa kutisha zaidi kuliko kwa kushambulia.

Hapa ndipo penye nguvu ya kitabu. Utulivu wa mwandishi si pambo la kifani lililoongezwa juu ya takwimu, bali ndio chanzo chake. Mwenye bunduki humwona mnyama anayekimbia au anayejihami, kisha akadhani hiyo ndiyo tabia yake. Mwenye kutulia humwona akila, akilala na akilea. Si ajabu kwamba Dian Fossey alianza kazi yake mwaka 1967 papo hapo Kabara, akaiendeleza njia hiyo Karisoke, upande wa Rwanda.

3.0 Msitu ulionyamazishwa

Hata hivyo, linazuka swali: ukimya wa Kabara ulitoka wapi? Kitabuni unaonekana kama sifa ya asili ya msitu. Kihistoria, kwa sehemu ulitengenezwa na sheria. Kuanzia 1929 na katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliipanua mipaka ya hifadhi, na wenyeji wakapoteza haki ya kulima, kuwinda na kukata kuni katika ardhi waliyoitegemea. Katika masimulizi ya Schaller wenyeji wamo: wabebaji wa mizigo, walinzi, wafugaji ambao ng'ombe wao ni tishio kwa uoto wa milimani. Hoja yake ya kiikolojia kuhusu ng'ombe hao ina mashiko. Kinachokosekana ni mwenyeji anayeutafakari msitu kwa kina kilekile anachojipa mwandishi. Gorila wanapewa majina, kama Big Daddy na D.J., na tabia zao zinakuzwa hadi kuwa wahusika kamili. Jirani yao wa kibinadamu hakukuzwa kwa kiwango hicho.

Upungufu huu si wa kifani tu. Mwezi Julai 2007 gorila kadhaa waliuawa hifadhini, akiwamo dume aliyeitwa Senkwekwe, na picha za maiti zao zikaenea duniani. Tarehe 4 na 5 Novemba 2008, wapiganaji wa CNDP walipouteka tena mji wa Kiwanja kutoka kwa Mai-Mai, raia waliuawa; shirika la Human Rights Watch liliripoti vifo vya watu wapatao 150. Ni wachache nje ya Kongo wanaolikumbuka jina la mji huo. Kosa si la gorila, wala huruma aliyopewa haikuzidi haki yake. Tatizo ni jicho lililofunzwa kuona uhai mahali penye ukimya tu.

Lugha ya Kiswahili inaweza kulisahihisha jicho hilo. Neno mazingira latokana na kitenzi kuzingira, ambacho humaanisha kuzunguka na pia kuhusuru, kama jeshi linavyouzingira mji. Kwa msomaji wa Kiwanja maana zote mbili ni za kweli: yale yanayomlisha na yale yanayombana yamemzunguka kwa pamoja. Kuyazingatia mazingira, kwa hali hiyo, hakuwezi kuishia kwenye ukingo wa msitu.

Filamu ya Virunga ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Orlando von Einsiedel, inasogea mbele katika jambo hili. Inamweka André Bauma, mlezi wa gorila yatima huko Rumangabo, katikati ya vita na ya mvutano kuhusu mafuta. Taamuli yake si ya mtazamaji bali ya mlezi: Ndakasi, aliyeokolewa akiwa mchanga mwaka 2007, alifia mikononi mwake Septemba 2021. Lakini hata humo, mkulima wa mpakani anabaki nyuma ya pazia.

4.0 Hitimisho

Sensa ya 2015 na 2016 ilihesabu gorila 604 katika milima ya Virunga. Ongezeko hilo ni tunda la kazi ya walinzi, wengi wao wakiwa wameuawa kazini, na la utamaduni wa subira ambao Schaller alisaidia kuuasisi. Wakati huohuo, sehemu kubwa ya makala yanayopikiwa katika nyumba za Goma imetokana na miti ya hifadhi, na mwezi Oktoba 2022 Kiwanja kiliangukia tena mikononi mwa waasi, safari hii wa M23. Anayenunua gunia la makala anaijua bei ya msitu kwa namna ambayo kitabu hiki hakikuiuliza.

The Year of the Gorilla kinastahili kusomwa katika madarasa ya fasihi na ya sayansi kwa sababu kinathibitisha kwamba kutulia ni njia ya kujua. Kazi iliyobaki kwa waandishi wa Kiswahili ni kuutumia utulivu uleule penye shamba, penye soko na penye kaburi la halaiki, na kuandika kinachoonekana hapo kwa uangalifu ambao Schaller aliwapa gorila.