Misa ya Malaika: je, ni ya kale kweli?

Katika parokia zetu ubishi hauishi. Wazee wanasema: Kilatini njo desturi, ngoma ni mambo ya juzi. Vijana wanajibu: Kilatini ni cha wazungu, ngoma njo yetu. Na kila mara wazee wanaleta ushuhuda mmoja, Misa ya Malaika (Missa de Angelis), waliyofundishwa na wamisionari.

Tufungue basi kitabu chenyewe cha nyimbo za Kigregori. Juu ya kila wimbo wameandika karne yake. Kyrie ni ya karne ya 15 au 16. Gloria ni ya karne ya 16. Credo ya tatu, inayoimbwa pamoja nayo, ni ya karne ya 17. Sanctus njo mzee kati yao, wa karne ya 12. Ni kusema hata kule Ulaya walikuwa wanaongeza sauti mpya juu ya maneno ya zamani. Padri Guido Haazen na korali yake ya Kamina walifanya nini mwaka wa 1958 na Missa Luba? Jambo lile lile: Kilatini kile kile, sauti za hapa.

Kwa hiyo umri hauwezi kuwa mwamuzi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka wa 1963, uliupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza, na katika hati ile ile ukaheshimu muziki wa kila taifa.

Mwamuzi inapashwa kuwa neno. Wimbo wa Kigregori unatembea kwa mwendo wa maneno. Hauna mapigo ya kuhesabu. Lakini siku hizi korali mingi zinauweka juu ya sintetiza, unageuka kuwa wimbo wa paredi. Na wazee nao wanauvuta mpaka pumzi inakatika katikati ya neno. Ukiuliza maana, kimya. Wengi hawajui hata kama Kyrie eleison ni Kigiriki, si Kilatini: Bwana, utuhurumie.

Wenye kushika sauti hizi kwa kichwa wanapungua kila mwaka. Viongozi wa korali, muwaite wangali wazima. Muanze na ule Sanctus: kwanza kusoma maneno, kisha maana, mwisho sauti. Bila hivyo, tutabaki na karatasi yenye noti, na ubishi.