Mchemraba uliokufa kwa ajili ya jina

Mchemraba wangu ulizunguka vizuri jioni nzima. Asubuhi niliongeza mstari mmoja tu, wa kuomba baiti 40 za kuhifadhi jina la mandhari, nikaendesha programu, ikafa hata dirisha halijafunguka. Upande wa hesabu sikuwa nimeugusa. Nikafuta mstari ule, mchemraba ukarudi. Nikaurudisha, programu ikafa tena.

Programu yenyewe ni ya C, na hesabu zake zote nimeziachia cglm, maktaba iliyoiga GLM ya C++. Zamani OpenGL ilikuwa na glRotatef yake: unaitajia digrii 30, inazungusha. Toleo la 3.0 la mwaka 2008 likatangaza kwamba fanksheni za namna hiyo zitaachwa, la 3.1 la mwaka uliofuata likaziondoa, na tangu hapo kila mtu huja na matriksi zake mkononi. (Anayehama na mazoea ya digrii ajihadhari. Ukiipa glm_rotate 30 bila kuipitisha kwenye glm_rad, itahesabu radiani 30, yaani mizunguko minne na zaidi ya robo tatu. Kitu kitazunguka, ila kitatazama kusikotakiwa.)

Tabia yote ya cglm imetokana na uamuzi mmoja. Humo vec3 ni namba tatu za float zilizopangana kwenye kumbukumbu, basi. Na mat4 ni safu wima nne, kila moja na namba nne, jumla baiti 64, bila ganda lolote juu yake. Faida yake unaiona siku ya kuikabidhi kadi ya michoro: unaita glUniformMatrix4fv, unaelekeza kwenye namba ya kwanza, na anayeuliza kama safu zigeuzwe unamjibu GL_FALSE, kwa sababu zimekaa vile vile OpenGL inavyozitarajia. Ukitaka kujua kitu kimesogezwa wapi, unasoma safu ya mwisho, m[3][0] mpaka m[3][2].

Gharama yake nayo ipo. C hairuhusu fanksheni kurudisha orodha nzima ya namba, kwa hiyo jibu hutengewa chombo mwishoni mwa mabano: glm_mat4_mul(a, b, c), na c ndiyo inayopokea. Aliyezoea c = a * b ya C++ ataona kama anajazishwa fomu. Hata kunakili vekta hakufanyiki kwa alama ya sawasawa, lazima uite glm_vec3_copy. Wasiopenda wanayo njia ya pili, fanksheni za glms_ zinazotumia struct na kurudisha jibu. Mimi nimebaki na hii ya vyombo, maana naona kila matokeo yanakoishia.

Lakini namba zisizo na ganda zina sharti la makazi, na hapo ndipo mchemraba ulipouawa. Nilikuwa nimejenga kwa -march=native, yaani nimeiambia kompaila itumie kila uwezo wa prosesa iliyo mbele yake. Yangu ina AVX, inayobeba float nane kwa mkupuo. cglm ikiiona AVX huitaka mat4 ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 32. Isipoiona hutosheka na 16. Matriksi zangu zilikuwa ndani ya struct niliyoiombea nafasi kwa malloc, na malloc ya Linux ya biti 64 inaahidi 16 tu.

Kwa nini basi ilifanya kazi jioni nzima? Bahati. Struct ilikuwa ombi la kwanza la programu, ikapewa anwani inayoishia na 2a0, ambayo inagawanyika kwa 32. Jina lilipotangulia, baiti zake 40 zilikula 48 pamoja na zile malloc inazojiwekea, struct ikasukumwa hadi 2d0, inayogawanyika kwa 16 peke yake. Dibaga ilinionyesha maiti imelala juu ya vmovaps, amri isiyosamehe anwani iliyopinda. Na kompyuta kuukuu ya mwenzangu, isiyo na AVX, ikajenga msimbo ule ule na kuuendesha bila kulalamika, jambo lililonipotezea saa mbili nikiishuku kadi yangu ya michoro.

Kuna tiba mbili. Unaweza kutangaza CGLM_ALL_UNALIGNED kabla ya kuiingiza maktaba, nayo ikatumia amri za kusoma zisizojali anwani. Kwenye prosesa za sasa ni vigumu kuona tofauti ya kasi. Au unaacha malloc, unaomba kwa aligned_alloc iliyoletwa na C11, ukitaja 32 waziwazi. Nilichagua ya pili, kwa sababu atakayeusoma mstari ule baadaye atauliza hiyo 32 imetoka wapi. Juu yake nimeandika maelezo ya mistari miwili. Jina la mandhari nimeliacha pale pale, kabla ya struct.