Ustadi Ndani ya Buti

Watu waliofumia askari soksi katika Vita vya Kwanza vya Dunia husifiwa kwa huruma yao, na ustadi wao husahauliwa. Hiyo ni nusu ya sifa wanayostahili. Katika majira ya baridi ya 1914 na 1915, askari wa Uingereza walishinda na kukesha katika mahandaki yenye maji huko Ufaransa na Ubelgiji. Miguu ilivimba, ikafa ganzi, hata wengine wakakatwa vidole. Waliotibiwa walifika takribani 20,000. Kinga ilikuwa kukausha miguu, kuipaka mafuta ya nyangumi na kubadili soksi, nazo ziwe za sufu, kwa kuwa sufu hutunza joto hata ikilowa. Malkia Mary wa Uingereza na Lord Kitchener, waziri wa vita, walikwisha kuwaomba wanawake jozi 300,000 za soksi.

Lakini soksi mbovu humtesa aliyeivaa. Fundo dogo likibaki chini ya kisigino, mwendo mrefu hulifanya lengelenge, na lengelenge kwenye tope huwa kidonda. Kwa hiyo mfumaji alizungusha kazi yake kwa sindano zenye ncha pande zote mbili, akahesabu vitanzi, akakikunja kisigino kwa kupunguza vitanzi kidogo kidogo. Penye vidole, fundi hodari aliunganisha vitanzi kimoja kimoja kwa sindano ya kushonea, pasibaki mshono wa kumchubua mtu. Mbinu hiyo hadi leo inajulikana kwa jina la Kitchener. Huruma pekee haikunji kisigino.

Atatokea wa kusema kwamba mashine zingefuma upesi zaidi. Ni kweli, na viwanda vilifuma. Ila askari aliyelowa kila siku hakuwa na pa kuanika, na kila jozi ya ziada ilikuwa na miguu iliyoihitaji. Pingamizi zito lilitoka kwa Mary Macarthur, kiongozi wa wafanyakazi wanawake: kazi ya bure ingewanyima riziki wanawake waliofuma na kushona kwa ujira, ilhali vita vilikwisha kuwaachisha wengi kazi. Alisema haki, na Malkia akamsikiliza. Ukaundwa mfuko wa kuwapatia wanawake kazi za kulipwa. Nami naiona hoja ya Macarthur kuwa ushahidi. Ufumaji usingetishia ujira wa mtu kama usingekuwa kazi yenye thamani. Basi tunapowataja wafumaji wale, tusiishie kuwaita wasamaria wema. Walikuwa mafundi, na waheshimiwe kama mafundi.