Nyuzi Nane: Neno "Harmony" na Kiswahili Chetu

Lipo neno moja la Kiingereza ambalo huwapa taabu wafasiri wetu kila linapotokea, nalo ni "harmony". Katika somo la muziki lina maana yake, katika isimu ya lugha lina maana yake, na katika siasa na hifadhi ya wanyama limepewa maana nyingine tena. Mwingereza hulitumia kote huko asione tabu. Mswahili hana budi kuchagua. Mbele yake yamesimama ulinganifu, upatanifu, mapatano, masikilizano, mwafaka, uwiano, urari na utangamano, na kila moja lina ukoo wake na tabia yake. Wako wanaouita wingi huo umaskini wa istilahi. Sisi twaona kwamba lugha yetu imeigawa kazi ambayo Kiingereza kimemtwisha mtu mmoja.

Hata hivyo ipo desturi iliyozoeleka maofisini ambayo hatuipendi. Mfasiri akikutana na "harmony" katika waraka unaohusu watu, huyaacha maneno yote hayo akaandika "amani na utulivu". Kalamu imekwisha kuzoea njia. Maneno hayo mawili ni mema, lakini hayasemi lisemwalo na neno la asili, na upungufu huo hauishii kwenye karatasi. Tutalieleza jambo hili kwa msaada wa ala moja ya Mkoa wa Mara, yaani litungu la Wakurya, kwa sababu ala hiyo ina udugu na neno lenyewe kuliko wengi wanavyodhani.

Waingereza hawakulizaa neno hili. Lilitoka kwa Wayunani, waliosema "harmonia", na hapo mwanzo lilikuwa neno la fundi seremala. Katika tungo za kale za Homer limetumika kwa viungo vilivyoshika mbao za chombo alichojiundia Odysseus ili avuke bahari. Msomaji wa pwani atakumbuka mtepe wetu wa zamani, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi: ubao huu na ubao ule haukufanana, wala haikuhitajiwa ufanane, ila ulishikana. Baadaye Wayunani walilihamishia neno hilo kwenye kinubi, wakimaanisha jinsi nyuzi zinavyokazwa hata zikaelewana. Muziki wao kwa kawaida ulikuwa wa sauti moja. Habari ya sauti nyingi kupandana kwa wakati mmoja iliongezwa na Wazungu karne nyingi baada yao. Na yupo mwanafalsafa wao, Heraclitus wa Efeso, aliyeishi yapata miaka 500 kabla ya Kristo, aliyefundisha kwamba harmonia ni mvutano wa pande zinazopingana, kama ulivyo katika upinde na katika kinubi. Legeza mvutano, na upinde umekuwa fimbo.

Kinubi hicho cha Wayunani na litungu la Tarime ni vyombo vya jamii moja. Kila kimoja kina sanduku la sauti, mikono miwili inayochomoza humo, mti unaoiunganisha mikono hiyo kwa juu, na nyuzi zinazoshuka kutoka kwenye mti hadi kwenye sanduku. Hatusemi kwamba huyu alijifunza kwa yule. Ala za umbo hili zimeenea kutoka Ethiopia hadi Uganda, na jirani za Wakurya, yaani Wajaluo wa Rorya, wanayo nyatiti yao yenye nyuzi nane vilevile. Tunachosema ni kwamba mwanafunzi wa Tarime anayefundishwa kuwa "harmony" ni jambo la kigeni lililokuja na kinanda cha kanisani, ananyimwa haki yake. Maana ya kwanza ya neno hilo katika muziki ipo kwa babu yake, imetundikwa ukutani.

Litungu lina nyuzi nane. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni, ile ya wavuvi wa ziwani. Sanduku lake ni mti uliochongwa ukawambwa ngozi. Mpigaji huketi, akaanza kwa kazi ambayo mgeni huidhani bado si muziki: anakaza uzi huu, anaugusa, anaulegeza kidogo, anaugusa tena pamoja na jirani yake. Kipimo chake ni sikio lake na koo lake mwenyewe, kwa kuwa litungu lazima lifuatane na mwimbaji. Uzi uliokazwa kupita kiasi hukatika, na ulio mlegevu hulia kama ngozi tupu. Zote nane zikikazwa hata zikatoa sauti moja, hapo hapana litungu tena; pana uzi mmoja uliorudiwa mara nane. Na jambo la kuangaliwa sana ni hili: uzi usiovutwa umetulia kabisa. Hauna ugomvi na mtu. Ukimwuliza mfasiri wetu, atasema umo katika amani na utulivu.

Kwa wasomaji wengi, lakini, "harmony" huleta kwanza picha ya kwaya. Wamisionari wa Kimennonite walipofika Shirati mwaka 1934, na wenzao wa madhehebu mengine waliowatangulia na waliowafuata, walikuja na nyimbo za sauti nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Uimbaji huo umetupa furaha kubwa, na wimbo wetu wa taifa, ambao asili yake ni utungo wa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini wa mwaka 1897, ni wa shule hiyo. Hatuubezi. Lakini Kikurya ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili njeo ya kitenzi. Sauti ya kwanza ikipanda na ya nne ikashuka katika neno lile lile, mmojawapo wa waimbaji ametamka kitu ambacho msemaji wa lugha hatakitamka. Sauti zimepatana zenyewe kwa zenyewe, zikafarakana na maneno. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, lakini nacho kina mkazo wake katika silabi ya mwisho ila moja, na nyimbo zilizotafsiriwa haraka hukanyaga mkazo huo bila huruma. Padre Stephen Mbunga, katika kitabu alichokitoa mwaka 1963 juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, alikwisha kulileta suala la muziki wetu mbele ya wakubwa wa dini. Wala sauti nyingi kwa pamoja si zawadi ya kanisa peke yake. Wagogo wa Dodoma huimba kwa sauti zinazopishana na kufuatana kwa kanuni zao wenyewe, na marehemu Hukwe Zawose aliupeleka uimbaji huo mbali duniani.

Turudi kwenye maneno yetu. Ulinganifu una ubaya mmoja: katika kulingana umejificha usawa, na msikilizaji wa kawaida atadhani vitu vinavyolingana ni vitu vilivyo sawasawa. Mapatano ni neno la sokoni na la barazani. Hudai kuwa palikuwa na madai kabla yake, na bei. Mwafaka, tangu vyama vya CCM na CUF vilipotiliana saini juu ya Zanzibar mwaka 1999 na tena mwaka 2001, linanukia wino. Uwiano ni wa wenye hesabu. Upatanifu twaona unafaa kwa sauti, na waalimu wa muziki waendelee nao.

Urari ni wetu sisi watunzi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi, aliwafundisha wengi kuhesabu mizani na kuchunga vina, na urari wa vina na mizani umekuwa ndiyo kauli yetu. Watu wa nje hudhani kina ni kufanana. Mtunzi anajua kwamba mwenye kurudia neno lile lile mwishoni mwa kila mshororo hajatia vina, amechoka tu. Kina kizuri ni maneno mawili ya mbali, yenye maana zisizojuana, yanayokutana kwenye silabi ya mwisho na kustaajabiana.

Wanaisimu nao wamechagua tangamano, wakasema tangamano la irabu. Pika huzaa pikia, na soma huzaa somea: irabu ya kiambishi huisikiliza irabu ya mzizi. Lakini yafaa tuangalie inasogea kiasi gani. Katika somea, ile "i" haikugeuka ikawa "o" ili imfurahishe mwenyeji wake. Imeshuka hatua moja tu, ikawa "e", ikabaki na sura yake. Waliolichagua neno hilo walisikia vizuri, maana kutangamana ni kuchanganyika katika kundi bila kupoteza jina. Siasa nayo ililichukua, kwa utangamano wa Afrika Mashariki, na Wakurya wanaujua utamu na uchungu wake: ukoo mmoja una watu upande wa Tanzania na upande wa Kenya, na mpaka wa nchi hizi ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, ndugu waligeuzwa wageni.

Kwa mambo ya watu wanaoishi pamoja, sisi twachagua masikilizano. Neno hili limezaliwa na kusikia. Halidai kwamba wote waseme jambo moja. Ladai kwamba kila mmoja asikiwe na mwenziwe. Tarime imejulikana magazetini kwa ugomvi wa koo, kwa wizi wa ng'ombe na kwa mipaka ya mashamba. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha za moto ziliongezeka, katika miaka ya 1980 likaja sungusungu, na hatimaye Tarime na Rorya zikafanywa mkoa wa kipolisi peke yake. Hotuba zilizosomwa huko miaka yote hiyo zimejaa amani na utulivu. Bunduki zikinyamaza mwezi mmoja, mwandishi wa taarifa anaandika kwamba utulivu umerejea, na kwa neno hilo hajasema uongo. Lakini ng'ombe hawajarudishwa, mpaka haujapimwa, na mwenye shamba hajaulizwa. Uzi umelegea tu.

Wakurya wenyewe walikuwa na iritongo, mkutano wa hadhara ambamo jambo lilitajwa kwa jina lake: nani amepotelewa, nyayo za ng'ombe ziliishia wapi, nani anawaficha. Hapo palikuwa na makelele, na makelele hayo ndiyo kazi ya kukaza nyuzi. Hatutaki kuyapamba ya kale. Wanawake hawakuwa na nafasi ya kusema sawa na wanaume, na litungu ambalo nyuzi zake nne hazipigwi haliwezi kusifiwa kwa ajili ya zile nne nyingine. Lakini mfasiri anayetaka neno la Kiswahili kwa jambo la namna hii, alitafute kwenye mkutano wa watu wanaobishana, asilitafute kwenye uwanja mtupu.

Limebaki tumio moja, la wilaya ya Serengeti. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1951, na mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo mwaka 1994, katika nchi ambayo Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme waliiwinda na kuilima. Vijikaratasi vya Kiingereza husema kwamba mwanadamu aishi katika "harmony" na wanyama, na Kiswahili chake huandikwa: kuishi kwa amani na wanyamapori. Mkulima wa Robanda aliyekesha akipiga madebe na kuwasha moto ili tembo wasiingie kwenye mtama, akisoma hayo, hana budi kudhani kwamba aliyeandika hajalala huko. Masikilizano nayo hayafai hapa, kwani tembo haji barazani. Sisi tungesema kuchukuliana. Neno hili linakiri kwamba pana mzigo, na ukilitumia utaulizwa mara moja nani amebeba zaidi. Tena serikali yenyewe, ilipotunga kanuni za mwaka 2011 za kuwalipa watu walioharibiwa mazao au kuuliwa ndugu na wanyama, haikwenda kuazima istilahi kwa wageni. Iliyaita malipo hayo kifuta jasho na kifuta machozi. Aliyeyaandika maneno hayo alijua kwamba pana jasho, na pana machozi.